Uingereza si walipata dili na EU (Umoja wa Ulaya)? Mbona shemeji analipishwa

mpwani77: Wadau nieleweshwe, Uingereza walitoka EU wakasaini mkataba hakuna ushuru, sasa shemeji yangu yuko Leicester kaagiza viatu Ujerumani vya pauni 180 anaambiwa alipe kwanza ndo mzigo utoke, hii imekaaje??

kitunguu_saumu: Mkuu soma vizuri, ushuru sifuri ni kwa mali iliyotengenezwa EU au Uingereza yenyewe. Kiatu cha China kikilala kwenye ghala la Ujerumani hakigeuki Mjerumani 😂 ikizidi pauni 135 ushuru upo, VAT ipo, alafu na wasafirishaji nao wana chaji yao

Naivasha_damu: Sisi wa maua mwisho wa 2020 tulikua roho juu, bila mkataba wetu wenyewe na Uingereza kufika 31 Desemba waridi la Kenya lingepigwa 8% kuingia London, na Uganda na TZ hawana hiyo presha sababu wako kundi la nchi maskini zaidi wanaingia bure. Ndo Kenya ikasaini kivyake tarehe 8 Desemba, wenzetu wa EAC wakabaki wanatuangalia tu

babu_forodha: Mimi kilichonichekesha ni samaki. Uvuvi haufiki hata asilimia 1 ya uchumi wa Uingereza ila ndo ulikwamisha mazungumzo ya dili lao na EU mpaka mkesha wa Krismasi 2020, wamekaa Brussels wanahesabu samaki

mpwani77: Nimemuuliza shemeji, kumbe kweli viatu vimeandikwa China kwa ndani. Kalipa huku ananuna