Nipime udongo kwa njia ipi kabla ya kujenga: chupa, shimo la maji au maabara?

Mwana_Kiwanja: Habari zenu wakuu. Nimepata kiwanja, nataka kuanza msingi mwezi ujao. Fundi anasema udongo ni mzuri, tuchimbe tu. Jirani anasema nisithubutu kabla sijapeleka sampuli maabara. Shemeji anasema inatosha kuchimba shimo, kumwaga maji na kuangalia. Hela niliyonayo inatosha njia moja tu. Nishike ipi? Nyuma nataka pia bustani ya mboga.

Bibi_Mboji: Karibu mwanangu, lakini hujatueleza kitu bado. Udongo una rangi gani? Kiwanja kina mteremko? Kuna kisima karibu?

Nondo16: Na nyumba ni ya chini au ghorofa?

Mwana_Kiwanja: Samahani. Ni ya chini, vyumba vitatu. Udongo wa juu mweusi. Kisima kipo, cha jirani, sijapima umbali. Mteremko upo kidogo.

Nondo16: Mweusi! Hilo ungeanza nalo mkuu. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza kiganja? Kama ndiyo, huo ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Msingi unanyanyuliwa na kushushwa kila msimu, tena si pembe zote kwa pamoja, ndipo kuta zinapasuka. Ningekuwa wewe ningeenda maabara. Waambie wapime na kiasi cha kuvimba, si uwezo wa kubeba mzigo peke yake. Kwa nyumba ya chini wengi huuondoa ule mweusi wote na kujaza kifusi kizuri kinachoshindiliwa tabaka kwa tabaka, ila lazima kwanza ujue unaishia kina gani.

Kichanga_Safi: Maabara kwa vyumba vitatu? Anza na mikono yako. Chukua udongo wa kina cha msingi, si wa juu, uloweshe, uukande, uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita 5, umetawala. Kisha chupa: theluthi udongo, ongeza maji, tikisa, iache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini saa chache, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Haikugharimu chochote.

Nondo16: Chupa inaonyesha mfinyanzi upo, haionyeshi ni wa aina gani. Kuna unaovimba sana na usiovimba, na ndani ya chupa yote inatua vilevile.

Mama_Karo: Naomba niseme habari ya karo la maji taka, maana wote mmeshikilia msingi. Sisi tulichimba shimo tukamwaga maji kama anavyosema shemeji yako. Kilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kabisa. Ndoo mbili zikanywewa huku tunaangalia, tukafurahi. Tukaweka tanki la plastiki na shimo la kunyonya. Masika ya kwanza choo kikaanza kuguguma. Wiki ya tatu maji meusi yakarudi bafuni, mwanangu mdogo ndiye aliyekuja kuniita, "Mama, sakafu inatoa maji." Tukaita gari la kunyonya, tanki likabaki tupu. Usiku ule likanyanyuka. Asubuhi mfuniko tumeukuta juu ya nyasi, usawa wa goti, mabomba yamekatika pande zote mbili. Maji ya ardhini yalikuwa yamepanda, na tanki tupu ndani ya maji huelea kama mtumbwi.

Kosa letu: hatukuloweka. Mfinyanzi mkavu hunywa upesi kupitia nyufa zake. Shimo ulijaze, uliongezee maji lishinde limelowa usiku kucha ili udongo uvimbe, halafu kesho yake ndipo upime maji yanachukua dakika ngapi kushuka sentimita 2.5. Na si shimo moja. Yakishuka upesi mno usishangilie, maana maji machafu yatafika kisimani kabla hayajachujwa. Umbali wa kisima kile pima leo. Kanuni za sehemu nyingi ni mita 15 hadi 30.

Bibi_Mboji: Pole sana mama. Ukichimba, angalia na ukuta wa shimo. Ukiona mabaka ya kijivu yenye madoa ya kutu, hapo maji husimama msimu wa mvua hata kama leo pakavu.

Kichanga_Safi: Kwenye bustani amwage mchanga tu, mfinyanzi utalegea.

Bibi_Mboji: Hapana kaka! Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unakupa tofali. Atie mboji na samadi kila msimu, na asiukanyage ukiwa umelowa. Tuta langu moja nimelitunza hivyo miaka sita, sasa mkono unazama hadi kifundo bila jembe. Apime na uchachu; mboga nyingi hupenda pH ya 6 hadi 7.

Mpenda_Minara: Mnara wa Pisa kule Italia ulianza kujengwa 1173, ukainama ukiwa bado unajengwa, kwa udongo laini chini yake. Kazi ilisimama karibu miaka 100, na hiyo ndiyo iliyouokoa: mfinyanzi ulipata muda wa kushikamana.

Nondo16: Na upande mmoja ulizama kuliko mwingine. Ndiyo maana namshauri achimbe mashimo kwenye pembe za kiwanja zinazokabiliana.

Mwana_Kiwanja: Nimetoka kiwanjani sasa hivi. Utepe umekatika kwenye sentimita 7. Kisima, kwa kamba, mita 22. Shimo la pembe ya chini ni jeusi hadi kiunoni, kisha kijivu chenye madoa mekundu. Pembe ya juu nimekuta changarawe kwenye usawa wa goti. Chupa bado ina ukungu. Fundi nimemwambia asubiri.

Mama_Karo: Basi karo lihamie juu kwenye changarawe.

Nondo16: Na nyumba ikae kwenye mweusi? Maji taka yatapandaje mlima? Nyumba ndiyo iende juu.

Mama_Karo: Hapo karo linarudi kwenye kijivu. Mwana_Kiwanja, kisima kiko upande gani wa mteremko?

Mwana_Kiwanja: Chini.