Naombeni ushauri: tumbo la hedhi linamkosesha masomo mtoto wa kaka yangu

Shangazi wa Ngamiani: Assalam alaykum, na habari zenu wote. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha nne katika shule moja ya bweni hapa Tanga, na kila mwezi tumbo la hedhi humlaza siku mbili nzima, akatapika na kukosa vipindi. Siku chache kabla ya hapo huwa mkali, hulia bila sababu na matiti humuuma. Mtihani wa taifa wa Novemba umekaribia, hivyo naomba kujua dawa yenye nguvu kuliko diklofenaki inayouzwa bila cheti cha daktari.

Mama Wawili Chumbageni: Pole sana, ndugu yangu. Hilo ni chango, na mimi lilinitesa tangu nilipovunja ungo hadi nilipojifungua mtoto wa kwanza, likakoma lenyewe. Bibi alikuwa akinichemshia tangawizi, kisha ananikanda chini ya kitovu kwa kipande cha kanga alichokipasha juu ya kifuniko cha sufuria. Wasichana wa leo hawataki kukandwa, wanataka vidonge.

Kapera wa Raskazone: Kumbe tiba ni kujifungua! Basi tumwombe mkuu wa shule amtafutie mchumba kabla ya Novemba.

Muuguzi Mstaafu: Tuache mzaha. Maumivu hayo huletwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mfuko wa uzazi ujikaze ili utando wake utoke. Diklofenaki na ibuprofeni huzipunguza, ndiyo maana hufaa zaidi zikianzwa mara maumivu yanapoanza, tena baada ya kula, kuliko kusubiri mpaka mtu agaegae. Ile hasira inayotangulia kwa kawaida hutulia yenyewe hedhi ikishaanza. Je, huyo binti anameza vidonge vingapi?

Shangazi wa Ngamiani: Anameza kama kawaida.

Muuguzi Mstaafu: Kawaida yake ni vingapi, na kwa nini unatafuta vikali zaidi?

Shangazi wa Ngamiani: Ni vya miligramu 50: vitatu kwa mkupuo alfajiri kabla ya uji, na viwili usiku. Tangu juzi anapata choo cheusi kinachonata kama lami, na chembe ya moyo inamuwaka. Nadhani ni uchafu wa hedhi tu. Isitoshe, mzee mmoja wa Pangani ameshalipwa nusu ya fedha ya mizizi ya kusafisha tumbo, kwa hiyo sioni sababu ya kupoteza siku za masomo kwenye foleni ya hospitali.

Muuguzi Mstaafu: Hedhi haitokei huko. Mtu mzima hapaswi kuvuka miligramu 150 za diklofenaki kwa siku, na huyu anafikisha 250 tumbo likiwa tupu. Prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo la chakula. Ukizizima kupita kiasi, ukuta huchubuka na kuvuja damu, na damu hiyo ikishuka hutoka nyeusi. Vidonge vya kuongeza damu navyo huweka choo cheusi, lakini hukutaja kwamba anavitumia.

Mdadisi wa Mabawa: Uzi huu umetungwa. Shangazi aliyeko Ngamiani anajuaje rangi ya choo cha mtoto wa bwenini, na kwamba vidonge humezwa kabla ya uji? Mwezi uliopita jina hili hili liliomba msaada wa maswali ya hisabati ya vekta.

Mama Wawili Chumbageni: Kwetu shangazi huambiwa mambo hayo kabla ya mama mzazi, wala si ajabu.

Shangazi wa Ngamiani: Sijatunga chochote. Nauliza tu: mwanafunzi akienda hospitali ya Bombo akiwa na sare, bila mzazi, atapokelewa? Na je, nyumbani wataambiwa habari za vidonge?

Muuguzi Mstaafu: Aende leo, moja kwa moja sehemu ya dharura, aanze kueleza choo cheusi ndipo aeleze hedhi, na abebe pakiti ya vidonge. Asimeze kingine, hata hiyo mizizi. Amwambie matroni amsindikize, kwa kuwa anayevuja damu anaweza kuzimia njiani. Tumbo likishatibiwa, aonane na daktari wa magonjwa ya wanawake, hasa kama maumivu yamekuwa yakizidi mwaka hadi mwaka.

Shangazi wa Ngamiani: Matroni yuko kwenye kikao hadi saa kumi.

Muuguzi Mstaafu: Mgongee mlango, mwanangu.