Samadi: kuifukia au kuitandaza juu, ipi hutoa gesi joto kidogo?

Mfugaji_Kiambu
Ndugu zangu, ninafuga ng'ombe wa maziwa zizini huku Kiambu, na samadi yote huishia kwenye mahindi na nepia. Ile kavu huitandaza shambani mwezi Februari kusubiri mvua, na ya majimaji huimwaga kwa ndoo kati ya mistari ya nepia. Afisa wa kilimo ametushauri tuifukie yote kwa kuwa ikiachwa juu huchafua hewa, lakini jirani yangu anashikilia kwamba kuifukia ndiko kunakoongeza gesi zinazoipasha dunia joto. Nani kati yao ana haki?

UdongoKwanza
Ndugu, kila mmoja anazungumzia gesi tofauti. Samadi mbichi ikikaa juu, kwenye jua na upepo, naitrojeni yake hutoroka kama amonia, ile harufu inayochoma macho zizini, na sehemu kubwa huondoka ndani ya saa chache za mwanzo. Amonia yenyewe si gesi joto, ila huanguka kwenye mashamba na misitu ya wengine, na huko sehemu yake hugeuzwa kuwa naitrasi oksaidi, ambayo ni gesi joto kali. Ukiifukia, naitrojeni hubaki kwako, jambo ambalo ni faida kwa mahindi, lakini hubaki pia mikononi mwa bakteria. Udongo unaposhiba maji na oksijeni ikapungua, bakteria hao hutumia naitreti (aina ya naitrojeni iliyomo udongoni) badala ya oksijeni, na naitrasi oksaidi hutoka hapo hapo shambani mwako.

Kwa makadirio ya IPCC (jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi) ya mwaka 2019, katika maeneo yenye mvua, kila kilo 100 za naitrojeni ya samadi hupoteza takriban kilo 0.6 za naitrojeni kwa njia hiyo, yaani karibu kilo 0.94 za naitrasi oksaidi. Zinaonekana chache, lakini gesi hiyo ina nguvu ya kupasha joto mara 273 ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100, hivyo hesabu inakuwa sawa na zaidi ya kilo 250 za hewa ya ukaa.

Mtafiti_Mstaafu
Uholanzi ilipiga marufuku kurusha samadi ya majimaji juu ya mashamba tangu miaka ya 1990, na wakulima wakatumia mashine zinazochana ardhi na kuiingiza ndani. Amonia ilipungua sana. Hata hivyo, vipimo vya nchi mbalimbali vimeonyesha mara nyingi kwamba naitrasi oksaidi huongezeka ndani ya mchirizi huo, kwa kuwa maji, naitrojeni na chakula cha bakteria vimerundikwa mahali pamoja. Shimo la kupandia lililojazwa samadi mbichi lina kasoro ile ile, hasa kwenye udongo mzito.

Mimi ningeangalia majira kuliko kina. H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyefanya kazi Muguga, hapo hapo Kiambu, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka unapolowa ghafla unavyooza mboji kwa kasi na kuachia naitrojeni nyingi kwa mkupuo. Samadi ya Februari inakutana na mkupuo huo wakati mahindi hayana hata mzizi wa kuichukua.

Mfugaji_Kiambu
Nashukuru, wazee wangu. Je, niiache lundoni hadi mvua zitulie?

UdongoKwanza
Iache, lakini si wazi. Lundo linalonyeshewa hukosa hewa katikati na kutoa methani, gesi joto nyingine, na maji yanayochuruzika huondoka na naitrojeni uliyoitaka. Lifunike kwa turubai au majani ya migomba, mahali palipoinuka. Mvua zikishatulia na mahindi yakaribia kuota au yameota, itandaze na uichanganye na udongo wa juu siku hiyo hiyo kwa jembe, sentimita 5 hadi 10 zinatosha.

Ile ya majimaji izimue kwa maji ili inywewe upesi, uigawe kidogo kidogo katika mifereji mifupi inayofuata kontua (mistari inayokata mteremko kwa usawa) na kuifukia kwa udongo mwepesi. Usiimwage siku ambayo mawingu yanatishia mvua kubwa, na kipande chenye maji yaliyosimama kiruke kabisa.

Mtafiti_Mstaafu
Naongeza moja: ukiweka samadi, punguza mbolea ya dukani kwa kadiri hiyo. Naitrojeni inayozidi mahitaji ya mmea ndiyo inayopotea hewani, hata ukiifukia kwa ustadi wa namna gani.