Naomba ushauri: ukumbi wa shule yetu ya msingi unavunjwa, tuhifadhije kumbukumbu zake?

Habari zenu wakubwa. Ukumbi wa shule niliyosoma, huku Lushoto, utavunjwa likizo ya mwezi wa sita ili yajengwe madarasa mapya. Sipingi, watoto wanabanana wanne dawati moja. Ila roho inaniuma.

Ukumbi ule wazazi wetu waliujenga kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, enzi za UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka kila mtoto apate nafasi ya shule. Mama alibeba mawe kichwani kutoka mtoni, mimi nikiwa mgongoni. Sakafu imelika pale mbele tulipokuwa tukisimama kughani ngonjera. Mvua ikinyesha, mabati yalipiga kelele hadi mwalimu anaacha kufundisha, tunaimba tu. Kwenye fremu ya mlango bado kuna alama za msumari tulipokuwa tukipimana urefu. Yangu ipo, chini kidogo ya ile ya marehemu kaka yangu.

Nimeshapiga picha kwa simu, lakini naona hazitoshi. Nafikiria kuwarekodi wazee waliojenga. Wamebaki wachache, na mmoja hasikii vizuri. Nianze na maswali gani? Na ile fremu, niiombe kwa mwalimu mkuu au kwa kamati ya shule? Ni mali ya serikali, sitaki kuichukua kienyeji. Aliyewahi kufanya jambo kama hili shuleni kwao naomba anielekeze, siku zimebaki chache.