Mrejesho: Fainali ya NBA saa tisa usiku, Kampala

Wadau, mimi ndiye niliyeuliza pa kutazama mchezo wa saba, wa kuamua bingwa, wa fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Pacers na Thunder, Juni 2025, maana huku ulianza saa tisa usiku kuamkia Jumatatu. Asanteni kwa majibu. Kibanda mlichonielekeza nilikikuta kimefungwa, nikaishia kwa jirani hapa Kansanga: sauti chini, watoto wamelala, birika la chai mezani.

Haliburton, nyota wa Pacers, alianza kwa moto, mitupo mitatu ya pointi tatu. Kisha mguu ukamwacha. Alianguka bila kuguswa na mtu, akawa anapiga sakafu kwa kiganja. Jirani akaweka kikombe chini. Hatukusemezana mpaka robo ikaisha. Kumbe kano ya kisigino ilikatika! Na ni huyuhuyu aliyewamaliza Thunder mchezo wa kwanza, 111-110, ikibaki sekunde 0.3.

Hata bila yeye, Pacers walikwenda mapumziko wakiongoza 48-47. Nilisimama. Thunder wakashinda 103-91, na Shai Gilgeous-Alexander wao alistahili kabisa tuzo yake ya mchezaji bora wa fainali.

Nilirudi kwangu alfajiri, macho mazito, moyo bado uwanjani. Pacers ni timu yangu, msimu ujao nipo nao.