Naomba ushauri: kupanga safari ya utafiti London kwa riwaya ya mwaka 1666

Wakuu, naomba msaada. Riwaya inatokea wakati wa Moto Mkuu wa London. Moto ulianza 2 Septemba kwa kalenda ya Juliasi iliyotumika Uingereza wakati huo, yaani 12 Septemba ya sasa, kwa hiyo mwanga na vivuli nitavipima kuanzia tarehe hiyo, huku nikitoa saa moja kwenye saa ya simu maana majira ya kiangazi huko saa husogezwa mbele.

Kinachonitatiza ni mto. Thames ya leo imebanwa na kuta. Ukisimama Victoria Embankment, barabara ya kando ya mto iliyokamilika 1870, umesimama palipokuwa na maji. Daraja la zamani la London (London Bridge) nalo lilikuwa mita kama 30 upande wa mashariki wa hili la sasa, likitokea kando ya kanisa la St Magnus. Ukipiga picha kutoka darajani leo, pembe yote imepotoka.

Ramani ya Ogilby na Morgan ya 1676 ni nzuri ajabu, ila inaonyesha mji uliokwisha kujengwa upya, na baadhi ya mitaa ilikuwa imepanuliwa.

Waliowahi kufanya kazi hii: upana wa vichochoro vya kabla ya moto mliupataje? Na ufukweni nishuke maji yakipwa, au nianzie makavazini?