Naomba ushauri: mpangaji hataki kuchangia LUKU, deni limefika 94,000

Wakuu habari za muda huu.

Nina nyumba ya vyumba sita huku Mbagala, wapangaji wote wanatumia mita moja ya LUKU. Utaratibu wetu ni kila chumba elfu saba kwa mwezi, na kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri.

Januari akaingia dada mmoja, akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikafurahi. Wiki ya pili akashusha friji la kugandishia, anauza barafu za ukwaju na maji ya kandoro. Uniti zilizokuwa zinatufikisha wiki tatu sasa zinakata siku ya tisa. Nikimwambia aongeze, ananijibu, "Baba mwenye nyumba, hata kodi yako ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, mbona hatusemi?" Hapo kidogo kanikamata, maana ni kweli ile 1,500 ya kila mwezi inakatwa kwenye manunuzi ya umeme. Nimekubali kuirudisha. Lakini tangu Machi hajatoa hata mia, mimi ndiye naziba pengo ili wenzake wasilale giza.

Fundi ananishauri nimfungie mita yake ndogo. Mke wangu anasema nichomoe waya wake tu, ila naogopa kushtakiwa, kodi yake haijaisha. Mkataba wetu ni wa karatasi moja, umeme haukutajwa.

Nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa? Na hilo deni nalidai vipi bila maandishi?